Maswali ya Wasafiri: Kila Mahali Pana Wenyewe

Barua za mara hii ni nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nipige picha wapi? Nimeziweka kando. Nimechukua zile zinazouliza zaidi ya hapo, na chache ambazo nimezijibu mara nyingi lakini bado zinarudi.

Ni kweli kwamba Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini?

Hapana. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani na nchi yake, aliutafuta kwa macho mwaka 2003 akiwa karibu sana na dunia kuliko mwezi ulivyo, na hakuuona. Ukuta ni mrefu lakini ni mwembamba, na rangi yake imefanana na ardhi iliyouzunguka. Tafadhali, swali hili tulizike leo.

Mwakani nakwenda Giza, Misri. Video nyingi zinadai piramidi haziwezi kuwa kazi ya binadamu wa zama zile. Wewe unasemaje?

Nasema ni kazi ya binadamu, na makaburi yao yako palepale. Yalianza kufukuliwa mwaka 1990, upande wa kusini wa piramidi: makaburi ya mafundi na vibarua waliozikwa kwa heshima, pamoja na vyungu vya mkate na bia. Mifupa yao ina migongo iliyochakaa kwa mizigo. Ina pia mikono iliyovunjika, ikaungwa, ikapona. Aliyeungwa mfupa wake hakuwa mtu wa kutupwa, kwa hiyo na ile hadithi ya maelfu ya watumwa waliochapwa viboko iache hukohuko ulikoisikia.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wanaakiolojia walipata karatasi za mafunjo zenye kumbukumbu za kazi za msimamizi mmoja aliyeitwa Merer, wa wakati wa Farao Khufu, aliyejengewa piramidi kubwa kuliko zote za Giza. Aliongoza kikosi cha watu wapatao 40. Aliandika siku kwa siku walipopakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, walipolala njiani, na walipoyafikisha Giza kwa mashua. Tunaye mtu, tuna jina lake, tuna na daftari lake la kazi. Viumbe wa sayari nyingine wanahitajika kwa lipi?

Sikilizeni pia ni majengo ya nani yanayosingiziwa wageni. Sijawahi kupata barua inayouliza kama makanisa makuu ya Ulaya yalijengwa na watu kutoka angani. Lakini Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale kusini mwa Afrika, yenye kuta zinazofika mita 11 kwenda juu, mawe yamepangwa bila udongo wala saruji ya kuunganishia, watawala wa kikoloni waliiita kazi ya Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni, au ya Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alichimba pale mwaka 1929 akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Serikali ya Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, iliendelea kuukwepa ukweli huo kwa miongo kadhaa, kwa sababu ukweli huo ungewanyima hoja ya kutawala. Video unayoitazama leo imerithi uongo uleule. Usiisambaze.

Nimeona ziara ya nchi kumi kwa wiki mbili. Inafaa?

Haifai. Sehemu kubwa ya siku zako itaishia kwenye foleni za viwanja vya ndege na kufungasha mizigo. Chukua nchi mbili, na katika kila moja kaa mji mmoja siku za kutosha hadi watu wa mtaa wakuzoee na kukusalimu.

Mbona Australia wamezuia watu kupanda Uluru? Mlima si wa dunia nzima?

La, si wa dunia nzima. Una wenyewe, nao ni Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo lile. Serikali iliwarudishia ardhi ile tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakakubali iendelee kuwa hifadhi ya taifa. Kwa miaka mingi waliweka kibao pale chini wakiwaomba wageni wasipande, kwa sababu njia ile inapita mahali patakatifu kwao, na kwa sababu mgeni akifa kwenye ardhi yao msiba unawaangukia wao. Zaidi ya watu 30 wamekufa wakipanda. Waliomba kwa upole, watu wakapita kando ya kibao na kuendelea kupanda. Ndipo kupanda kukafungwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019, siku ileile waliyorudishiwa ardhi miaka 34 nyuma. Siku za mwisho kabla ya kufungwa, foleni ya wapandaji ilionekana kutoka mbali, watu wakikimbilia kufanya walichojua kinawaumiza wenyeji wao. Picha zile zilinisikitisha sana.

Nenda Uluru kwa vyovyote. Njia ya kuuzunguka kwa miguu ina kilomita zipatazo 10, na huko chini ndiko kwenye mapango yenye michoro na visima vya maji. Anza alfajiri, maana jua la huko halina huruma, na zingatia vibao: baadhi ya sehemu hazipigwi picha.

Machu Picchu iko juu sana. Nitaumwa? Na ni nani aliyeugundua ule mji uliopotea?

Machu Picchu yenyewe, mji wa kale wa Wainka huko Peru, iko mita 2,430 hivi juu ya bahari. Tatizo ni Cusco, mahali wengi wanapotua, iliyo kwenye mita 3,400. Ukishuka kwenye ndege pale, ondoka ushuke kwenye Bonde Takatifu ulale huko usiku wa kwanza au wa pili, kisha ndipo urudi Cusco. Tembea polepole, kunywa maji, pombe iache. Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umekaa tu, shuka mara moja, usingoje asubuhi. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kulipia tiketi.

Na mji haukupotea. Hiram Bingham, msomi wa Marekani, alipofika mwaka 1911 aliongozwa na mkulima wa hapohapo, Melchor Arteaga, akakuta familia zinalima kwenye matuta ya kale. Waliokuwa hawaujui ni watu wa mbali. Vitu alivyovibeba kwenda Chuo Kikuu cha Yale vilichukua karibu miaka mia kurudi Peru.

Nivae nini kwenye nyumba za ibada?

Funika mabega na magoti. Angkor Wat, hekalu la Kambodia, usipofunika unazuiwa kupanda ngazi za juu. Lalibela, Ethiopia, viatu vinavuliwa mlangoni. Yale makanisa 11 ya mwambani yanasaliwa hadi leo, kwa hiyo ukikuta ibada, kaa kimya nyuma na simu mfukoni.

Petra, Jordani, niliona watoto wakiuza kadi. Niliwanunulia kwa huruma. Nilikosea?

Nia ilikuwa njema, matokeo si mema. Mtoto anayeuza vizuri hapelekwi shule. Nunua kwa mama yake mwenye meza ya bidhaa, na umlipe vizuri. Hali kadhalika pipi na fedha za kupigia picha: usitoe. Mtoto asipigwe picha bila ruhusa ya mzazi, kama ambavyo usingetaka wako apigwe na mtu asiyemjua.

Nitakuwa Agra Ijumaa moja tu. Nitaiona Taj Mahal?

Ijumaa imefungwa, isipokuwa kwa wanaokwenda kuswali msikitini. Linaandikwa kila mahali, na bado watu hununua tiketi za ndege kwanza ndipo waulize. Badili siku. Ukiingia, usiishie kwenye lile benchi la picha. Sogea ukutani uchague ua moja ulitazame kwa karibu: vipande vidogo vya mawe ya rangi vimechongwa na kulazwa ndani ya marumaru hadi jicho halioni kiungo. Mafundi wa Agra wanaifanya kazi hiyo hadi leo, wakinoa kila kipande kwenye gurudumu linalozungushwa kwa mkono. Ukitaka kununua, nunua kwao, uone wanavyofanya. Madukani huuzwa pia jiwe laini kwa jina la marumaru. Likwaruze kwa ukucha upande wa chini, na likiacha alama, lirudishe.