Jina refu, bango jembamba

Ndugu, nimekuelewa: jina la duka refu, bango jembamba, na unataka abiria wa daladala pale Kariakoo alisome kabla gari halijaondoka. Hiyo ndiyo kazi ya fonti nene zilizobanwa, yaani mitindo ya herufi yenye mistari minene lakini umbo jembamba. Jaribu Anton au Oswald, ni za bure hata kwa biashara. Bebas Neue nayo nzuri, ila ina herufi kubwa tu. Impact ya mwaka 1965 imechoshwa na vichekesho vya mtandaoni, mimi siigusi.

Namba ya simu usiibane! Kwenye bango langu la kwanza 3 ilisomeka 8, wateja wakampigia mtu mwingine wiki nzima. Achanisha herufi kidogo, chapa kipande kwenye A4, bandika ukutani, rudi nyuma hatua 20. Husomi? Usilipie kwanza. Na kibali ulizia manispaa mapema.