Re: Aliyeumwa na nyoka afungwe kamba?
Ndugu, umeuliza kama mtu akigongwa na nyoka umfunge kamba na kumchanja umnyonye sumu. Hapana jamani, usifanye hivyo, kamba inazuia damu mguu unaweza ukaoza na sumu yenyewe hainyonyeki. Mvue pete na viatu mapema maana akivimba pete inazama kwenye nyama kabisa, mguu ufungwe ubao kama wa aliyevunjika, asitembee abebwe, hospitali moja kwa moja. Kuhusu bei, dawa ya kuua sumu ya nyoka ni ghali kwa sababu farasi anadungwa sumu kidogo kidogo kwa miezi ndo kingamwili (chembe za mwili zinazopambana na hiyo sumu) zitolewe kwenye damu yake, halafu mgonjwa mmoja anaweza kumaliza hata vichupa kumi. Lakini msikae kuchangishana kwanza, mpelekeni hela itafuata nyuma.