Maswali yenu: sentensi za Kingereza zinazowakosesha maksi kwenye SAT (mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani)

Shkamoo mwalimu, niko Nyegezi najiandaa na SAT. Niliandika "Walking along the shore at Kirumba, the smell of dagaa reached me" nikaambiwa imekaa vibaya. Kosa liko wapi?

Marahaba mdogo wangu. Hapo umesema harufu ndo ilikuwa inatembea ufukweni. Kwa Kiswahili ukisema "nikitembea", ile ni- imeshamtaja mtembeaji, hata ukiendelea na harufu ya dagaa hapotei mtu, lakini "walking" haina mtu ndani yake, kwahiyo msomaji wa Kingereza anamtafuta pale mara tu baada ya koma na anachokuta ni harufu. Andika "Walking along the shore at Kirumba, I smelled dagaa." Hili kosa linawaonea sana vijana wetu na inaniuma wakiitwa wazembe, maana sisi mtendaji tunambeba ndani ya kitenzi, wenzetu wanategemea mpangilio. Ukikuta sentensi imeanza na neno la -ing halafu koma, jiulize kwanza nani anafanya, kisha chagua jibu linaloanza na huyo.

"My brother he works in Igoma", mwalimu kaikata. Kwanini?

Ni ileile ya juu imegeuka. "Kaka yangu anafanya kazi", a- lazima iwepo, ndo maana mkono unaitafutia "he". Ifute.

Mimi navuka na kivuko toka Kamanga. "The ferry was late, we missed class" si inaeleweka?

Kueleweka inaeleweka, ila maksi hupati. Kwetu "kivuko kikachelewa, tukakosa kipindi" inasimama sababu -ka- inaunganisha. Koma ya Kingereza peke yake haina nguvu ya kushika sentensi mbili kamili, weka "so" baada yake, au nukta mkato, au kata kwa nukta. Na "however" isikudanganye, ukiiweka kati ya koma mbili bado hizo sentensi mbili hazijaungana, watu wengi sana wananaswa hapo.

Muda ukiniishia niache wazi?

Hapana jamani, jaza! Tangu 2016 SAT haikati maksi kwa jibu baya. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, kwahiyo swali la sarufi likikugomea dakika nzima weka alama, bahatisha, songa mbele, muda ukibaki utalirudia kabla hiyo moduli (nusu ya sehemu hiyo) haijafungwa.