Mount, Mudryk na daftari la mhasibu

Mkuu, umeuliza inakuwaje Chelsea wamuuze Mason Mount, mtoto wa nyumbani, huku wakimwaga pesa kwa wageni. Kweli mkataba wake ulibaki mwaka mmoja, ila mhasibu naye alikuwa anachekelea.

Ukimnunua mchezaji kwa pauni milioni 80 na kumpa mkataba wa miaka 8, hesabu za kila mwaka zinabeba milioni 10 tu, mshahara kando. Mount kakulia akademia, kwenye daftari thamani yake sifuri. Zile milioni 55 za Man United mwaka 2023 zikasomeka faida tupu, palepale. Mudryk, winga waliyemnunua Chelsea, kupewa mkataba wa miaka 8 na nusu ni mchezo huohuo. UEFA wakashtuka, gharama sasa zinagawanywa kwa miaka 5 mwisho, Ligi Kuu ya Uingereza nayo ikafuata.

Hesabu hizi zilikuwa na uzito kwa sababu wakati huo ligi iliruhusu klabu hasara isiyozidi milioni 105 kwa miaka mitatu. Nottingham Forest waliruhusiwa milioni 61 tu kwa kuwa misimu miwili kati ya hiyo walicheza Championship, daraja la pili. Wakamng'ang'ania mshambuliaji wao Brennan Johnson hadi Septemba 2023 wapate bei nzuri, kumbe hesabu zilishafungwa Juni. Hasara ikavuka kikomo, wakakatwa pointi 4.