Ukitaka kukaa kwenye redio ya bahari Iqaluit

Kazi ya afisa wa redio ya bahari ni ya masikio na kalamu. Wengi wanaoitamani huwaza skrini na rada, meli zikisogea mbele yao kama punje za mtama kwenye ungo. Kwenye bandari yenye msongamano ndivyo ilivyo. Kituo cha Walinzi wa Pwani wa Kanada kilichoko Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, ni habari nyingine. Kinahudumia, kwa kifupi, maji ya Kanada yaliyo kaskazini ya latitudo 60, na juu ya hayo Ghuba za Hudson, James na Ungava. Meli iliyo Bahari ya Beaufort iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwenye kiti cha afisa wa zamu. Hakuna rada ya nchi kavu ya kuifikia. Afisa ana sauti, ana ujumbe ulioandikwa, ana alichokiacha mwenzake wa zamu iliyopita.

Kanada huunganisha kazi mbili katika mtu mmoja: kupokea miito ya hatari na kutangaza maonyo ya usalama, na pia kufuatilia mwendo wa meli. Kwa hiyo afisa anaweza kuwa anaandika taarifa ya meli ya mizigo huku sikio lake la pili likiwa chaneli 16, ile ya miito ya hatari.

Ajira za serikali ya Kanada hutoa kipaumbele kwa raia na wakazi wa kudumu. Kwa Waswahili na Wakongomani walioko Edmonton, Winnipeg au Ottawa wenye hati za ukazi wa kudumu, mlango uko wazi. Utahitaji elimu ya sekondari, afya iliyopimwa, hasa masikio na macho, na ukaguzi wa usalama. Ukaguzi huo huchukua muda mrefu zaidi kwa mtu aliyeishi nchi kadhaa, kwa hiyo andaa mapema orodha ya anwani zako na tarehe ulizohama. Mafunzo hufanyika Sydney, Nova Scotia, kwenye chuo cha Walinzi wa Pwani, kisha unapelekwa kituoni kufanya kazi chini ya macho ya afisa mwenye cheti mpaka nawe uthibitishwe. Aliyesomea redio ya GMDSS, mfumo wa kimataifa wa mawasiliano ya hatari baharini, Dar es Salaam au Mombasa atakuta taratibu za Mayday, yaani wito wa kuomba uokoaji, ni zilezile. Atakalolikuta jipya ni jiografia, barafu, na kanuni za nchi.

Jiografia ndiyo inayowaangusha wengi. Lazima uijue ramani bila kuitazama: ghuba, visiwa, milango bahari, vijiji, na minara ya redio. Antena hazipo kituoni. Zimetawanywa Resolute, Coral Harbour, Cambridge Bay na kwingineko, na afisa huziendesha akiwa Iqaluit. Chora pwani kwenye karatasi tupu kila siku mpaka mkono uzoee, kisha weka minara, kisha chaneli. Faida yake inaonekana siku ile sauti hafifu ya VHF, redio ya masafa mafupi, inaposikika kwenye mnara mmoja na kunyamaza kwenye mingine yote. VHF huenda karibu na mstari wa macho, makumi machache ya maili tu, kwa hiyo mnara wenyewe umekwisha kukuambia mtu yuko upande gani kabla hajamaliza kutaja jina la mashua.

La pili la kufanyia mazoezi ukiwa bado nyumbani ni kuandika kwa kompyuta huku unasikiliza. Chukua rekodi ya taarifa ya hali ya hewa ya bahari, iandike neno kwa neno bila kuirudisha nyuma, kisha linganisha. Ukiona unakosa tarakimu baada ya kila sentensi ya tatu, hujawa tayari. Fanya nusu saa kila siku, na baada ya wiki kadhaa ongeza kelele: redio nyingine ikiwaka pembeni.

Hapa Mswahili ana mtego wake mwenyewe, nao ni saa. Kitabu cha zamu kinaandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, tarakimu nne. Mtu aliyekulia kwetu akisikia 1600 kichwa kinamwambia saa kumi jioni. Kumbe 1600 UTC ni saa sita mchana Iqaluit wakati wa kiangazi, na ni saa moja usiku Dar es Salaam. Usitafsiri. Weka saa ya UTC mbele ya macho yako, andika unachokiona, na acha saa za Kiswahili kwa simu za nyumbani. Hali kadhalika tarakimu: zitaje moja moja. Hamsini na kumi na tano za Kiingereza hufanana mno kwenye redio yenye mikwaruzo. Sema tano, sifuri, au moja, tano. Wanaochanganya r na l, na wapo wengi kati yetu, wazoee kutaja majina ya meli kwa alfabeti ya redio (Alfa, Bravo, Charlie) tangu mwanzo. Si aibu, ni utaratibu wa kila mtu.

Sasa taarifa zenyewe, zile ambazo meli hukipa kituo. Mfumo unaitwa NORDREG, na tangu tarehe 1 Julai 2010 ni wa lazima kwa meli za tani 300 za ujazo na zaidi, kwa chombo kinachokokota au kusukuma kingine ikiwa jumla yao ni tani 500 au zaidi, na kwa chombo chochote kilichobeba vichafuzi au shehena ya hatari. Kuna taarifa za aina nne. Mpango wa safari hutolewa kabla ya kuingia eneo. Taarifa ya mahali hutolewa mara tu meli inapoingia, kisha kila siku saa 1600 UTC, isipokuwa kwa meli ambayo tayari inafuatiliwa kwa mfumo wa setilaiti wa masafa marefu. Taarifa ya mwisho hutolewa meli ikifika gatini au ikikaribia kutoka. Ya nne ni ya mabadiliko, pale nahodha anapoiacha njia aliyoitaja.

Kila kipengele kina herufi yake: A ni jina la meli na alama yake ya wito, B tarehe na saa, C mahali, E mwelekeo, F kasi, W idadi ya watu. Zaidi ya hayo unataka kujua daraja la meli kwa barafu na mafuta iliyobeba. Afisa mgeni huipokea taarifa ya mchana kama karani anavyopokea fomu, akaiweka. Usifanye hivyo. Ilinganishe na ya jana. Meli ilisema inakwenda noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa, na kwa saa 24 imesogea maili 90 badala ya 288. Ama barafu imeibana, ama mtambo una hitilafu, ama tarakimu imekosewa. Muulize. Na taarifa isipofika kabisa, anza kuitafuta meli mapema, kwa redio, kwa setilaiti, kupitia wakala wake. Kimya cha meli huku juu hakina maana ya salama.

Kwenye C ndiko makosa hukaa. Latitudo inaweza kuandikwa kwa namna tatu, na zote zinafanana mdomoni. Digrii 63 na dakika 45.50 si sawa na digrii 63, dakika 45, sekunde 50: tofauti ni theluthi ya maili, zaidi ya mita 600. Mbaya zaidi ni mwenye simu ya mkononi anayesoma 63.45, nawe ukaandika digrii 63 dakika 45. Hapo umempeleka mwokoaji maili 18 pasipo na mtu, zaidi ya kilomita 33. Uliza kila mara: hizo ni dakika au ni sehemu ya digrii? Kisha mrudishie tarakimu zote akuthibitishie. Kumbuka pia kwamba dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari popote duniani, lakini dakika ya longitudo husinyaa kadiri unavyopanda. Penye latitudo 75 ni kama robo ya maili tu. Ukikadiria umbali kwa macho kwenye ramani bila kulikumbuka hilo, utadanganyika.

Masafa ya redio yanahitaji kueleweka. Kuyakariri hakutoshi. Setilaiti za zamani za mawasiliano ya meli zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 angani. Kwa mtu aliye Mombasa zipo juu ya kichwa. Kwa mtu aliye karibu na latitudo 76 zimelala kwenye upeo wa macho, na mlima mmoja unatosha kuzificha. Kaskazini ya hapo meli hutegemea HF, redio ya mawimbi yafikayo mbali, na sasa pia setilaiti za Iridium zinazopita juu ya ncha za dunia. Wito wa hatari wa kidijitali, ule unaotumwa kwa kubonyeza kitufe, kwa HF husikilizwa kwenye kHz 4207.5, 6312, 8414.5, 12577 na 16804.5; wa MF, redio ya masafa ya kati, ni 2187.5, na wa VHF ni chaneli 70. Wito ukiingia kwenye 8414.5, mazungumzo ni 8291, yaani bendi ileile. Afisa anayejibu kwa bendi nyingine kwa mazoea anamwacha mtu akiongea na upepo.

Jua likitupa dhoruba, tabaka la juu la angahewa penye ncha hufyonza mawimbi ya HF kwa masaa, wakati mwingine siku kadhaa. Masafa ya chini ndiyo hufyonzwa zaidi. Kwa hiyo ukiona MHz 4 imekufa, panda hadi 8 au 12 kabla ya kusema redio imeharibika. Andika pia kitabuni saa ukimya ulipoanza, ili wa zamu ijayo asidhani ni meli iliyonyamaza.

Mayday ikija, jambo la kwanza ni mahali alipo, kabla hata ya jina. Mtu akikatika baada ya sekunde kumi, jina bila mahali halikufai kitu. Halafu: kuna nini, watu wangapi, chombo cha namna gani, wana boti za uokoaji na nguo za kuzuia baridi au hawana. Swali la nguo usilicheleweshe. Mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi ana kama dakika moja ya kuidhibiti pumzi yake, dakika kumi ambazo mikono bado inatii, na kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Ukimwambia avae sasa, angali na vidole vinavyofunga zipu, umemsaidia kuliko helikopta iliyo masaa mengi mbali. Tuliza sauti yako. Mwenye hofu huiga sauti anayoisikia. Wengine wakiingilia chaneli, wanyamazishe kwa Seelonce Mayday, amri ya redio ya kunyamaza.

Afisa wa redio hatumi ndege wala meli. Hiyo ni kazi ya vituo vya uratibu wa uokoaji, Trenton au Halifax kulingana na mahali, kwa hiyo wapigie mara upatapo mahali na aina ya hatari, usingoje taarifa ikamilike. Wito wa kidijitali ulioingia bila maelezo nao ni wa kweli mpaka uthibitishwe kuwa kidole kiliteleza. Tazama namba ya utambulisho: tatu za mwanzo ni nchi, 316 Kanada, 634 Kenya, 674 na 677 Tanzania, ikianza na 970 ni kitoa ishara cha kutafutia na kuokolea watu, wala usingoje sauti.

Maonyo ya usalama huonekana kazi ya kuchosha, na ndiyo tunayoitilia mkazo kuliko zote. Sehemu kubwa ya maji haya haijapimwa kina kwa viwango vya leo. Tarehe 27 Agosti 2010 meli ya watalii Clipper Adventurer ilipanda mwamba katika Ghuba ya Coronation ikiwa na abiria 128. Mwamba ule ulikuwa umegunduliwa mwaka 2007 na onyo likatolewa, lakini haukuwa kwenye chati waliyoitumia, na onyo halikuwa mikononi mwao. Meli ya Walinzi wa Pwani, Amundsen, ilichukua siku mbili kuwafikia. Kwa hiyo nahodha anapokupa njia yake, fungua maonyo yote yanayohusu njia hiyo, hata ya miaka mitatu nyuma, na muulize moja moja kwa namba: unalo hili? Akisema analo, aseme linahusu nini.

Kuhusu maisha: hakuna barabara ya kuingia Iqaluit. Chakula kibichi huja kwa ndege na ni ghali. Mchele, unga, mafuta na vitu vizito agiza kwa meli ya kiangazi, na uliza mapema tarehe ya mwisho ya kupokea mizigo kusini. Serikali hulipa posho ya vituo vya mbali. Zamu ni za saa 12, mchana na usiku. Nunua pazia zito kabla ya kitanda, maana Juni usiku hauingii giza.

Zamu ikiisha, usikabidhi kwa mdomo peke yake. Andika meli zote zilizo njiani, ipi imechelewa na umeshafanya nini kuitafuta, mnara upi una hitilafu, onyo lipi bado halijatangazwa. Mwenzako asome, aulize, aweke sahihi na saa ya UTC. Kaa naye dakika chache sikio likiwa bado kwenye chaneli 16, mpaka aipokee taarifa yake ya kwanza.