Chai ya Kichina ikikukimbiza chooni, hujapungua mafuta

Msomaji anauliza: siku tatu za chai ya kupunguza uzito zimemshusha kilo mbili, je, aongeze kipimo? Asiongeze. Ageuze pakiti asome viambato. Akikuta fan xie ye, hiyo ni sanamaki, ileile ya bibi zetu ya kufungulia tumbo. Da huang, mzizi mwingine wa kuharisha, nayo kazi yake ndiyo hiyo. Kilichotoka ni maji na choo. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, haiondoki kwa kuhara. Ukiendelea wiki kadhaa, potasiamu hushuka, misuli hulegea, moyo hudunda ovyo.

Mchanganyiko wa upole zaidi, wa kutwa moja: shan zha, tunda dogo jekundu lililokaushwa, gramu 10, he ye, jani la lotasi, gramu 6, chen pi, ganda la chenza lililokaushwa, gramu 3. Tumia mizani, kwa kuwa jani la lotasi ni jepesi na kiganja kitakudanganya. Suuza, loweka dakika 30 katika mililita 800 za maji, chemsha, kisha punguza moto itokote dakika 20. Ganda la chenza litie dakika 5 za mwisho, la sivyo harufu yote itaondoka na mvuke. Sufuria zetu za alumini ziache kabatini, maana uchachu wa shan zha huzila. Tumia chungu cha udongo au chuma kisichoshika kutu. Chuja, gawa mara mbili, unywe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo aiache kabisa.

Hakuna sukari, hakuna asali. Waganga wa Kichina husema shan zha husaga vyakula vya mafuta, lakini ushahidi kwamba inayeyusha kitambi ni mwembamba. Faida naiona kwingine: kikombe hicho kikishika nafasi ya soda. Nusu lita ya kola ina kama gramu 50 za sukari, yaani kalori 200. Ukinywa vyote viwili, umetupa pesa ya chai.

Sasa yanayoua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya Brussels iliwapa wanawake vidonge vya kupunguza uzito vyenye mitishamba ya Kichina. Palipotakiwa fang ji, yaani Stephania, ikaingia guang fang ji, yaani Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo dai jina la Kilatini kwenye pakiti; la sokoni halitoshi.

Ma huang, yaani Ephedra, hupandisha presha. Marekani iliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004. Na kidonge “cha asili” kinachokata njaa ghafla, kukausha mdomo na kukunyima usingizi, kishuku. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, imekutwa mara nyingi ndani ya bidhaa kama hizo bila kuandikwa.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, na anayemeza warfarini (ya kuzuia damu kuganda), digoksini (ya moyo) au dawa za presha asianze kabla ya kumwona daktari. Na aende na pakiti yenyewe mkononi.