Kabla ya kununua lenzi mpya, yajue maji ya Dar

Vijana wanaoanza kupiga picha za mandhari hapa Dar huniuliza sana wanunue kamera ipi. Hiyo uliyonayo inatosha. Kinachowaangusha wengi ni kwenda Coco Beach bila kujua siku hiyo maji yanajaa au yanakupwa.

Pwani yetu kwa sehemu kubwa inatazama mashariki. Jua linatoka baharini na kuzama nchi kavu, kwa hiyo ukitaka machweo juu ya maji, nenda upande wa pili wa rasi ya Msasani, unaotazama ghuba. Coco, Kunduchi na Kigamboni ni za alfajiri. Huku kwetu karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi mno: uwe umeshasimamisha stendi ya kamera giza lingalipo.

Sasa maji. Siku za bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa Dar maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, halafu hupwa kwenye saa nne au tano asubuhi. Ukifika Coco jua linachomoza, miamba mingi bado imefunikwa. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ngoja mwezi angani uonekane nusu duara, kisha uongeze siku mbili tatu: hapo maji hupwa alfajiri, na kwangu hakuna wakati mzuri kuliko huo. Vidimbwi hubaki kati ya miamba vikiwa vimetulia tuli. Shusha kamera mpaka usawa wa magoti, kidimbwi kiwe mbele kabisa ya picha, na wekundu wote wa mbingu utaukuta umelala humo, pamoja na mwani na kaa mdogo anayekimbilia tundu lake.

Jedwali la maji lipo kwenye simu, lakini wavuvi waulize pia. Kunduchi nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu. "Marahaba mwanangu," akasema, "leo usivuke ule mwamba, maji yatakuzunguka kwa nyuma." Jedwali halikuambii hayo. Na usimpige mtu picha kabla hujamsalimia na kumwomba ruhusa. Pale ni kazini kwake.

Mwezi mpevu nao usiuache. Unachomoza baharini karibu na jua kuzama, mwanga ungalipo wa kuonyesha mawimbi na ngalawa.

Masika wengi hufungia kamera kabatini, nami ndio msimu ninaoupenda. Mawingu yana umbo, na mvua ikikatika hewa inakuwa safi mpaka visiwa vya Mbudya na Bongoyo vinaonekana vizuri kabisa.

Chumvi ndiyo adui. Ukirudi nyumbani, suuza miguu ya stendi kwa maji ya bomba, fungua maungio yake utoe mchanga, kisha uianike kivulini. Kama kamera imelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kwenye begi ipate joto kwanza, la sivyo lenzi itaingia ukungu jua linachomoza.

Nendeni wawili, hasa kungali giza. Bandari, Ikulu na maeneo ya jeshi msiyaelekezee kamera, na droni isiruke bila kibali mkononi.